Jioni Iliyokuwa Safi Mno

Watu wa Santa Clemencia walimjua Hermelinda Etene kwa mambo mawili: hakuwa msemaji, na alikuwa mwoga. Mwenyewe hakukataa hata moja. Miaka ishirini na mmoja alikuwa mtu wa simu ya upepo katika kijiji kile cha ukingoni mwa mto Urubamba, na ukikaa miaka yote hiyo ukisikiliza nani kaumwa na nyoka na nani kachukuliwa na maji, uoga unakuingia kama moshi wa kuni unavyoingia nguoni. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, maana sikio la kulia lilishachoka. Hata akila samaki wake kwa muhogo nyumbani, kichwa kilikuwa kimelala vilevile, na watoto wa jirani walimwiga wakicheka.

Simu yenyewe ilikaa kwenye chumba cha mbao nyuma ya zahanati: kisanduku cha kijivu, betri ya gari, kipande cha sola juu ya paa, na waya mrefu uliotandazwa baina ya michikichi miwili. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi vijiji vya mto ule viliita mjini Atalaya kwa zamu. Huko alikuwepo Mzee Eleuterio, mpangaji wa safari za ndege ndogo, na saa hiyo ndipo mgonjwa alipoombewa ndege. Jioni watu walisalimiana, wakaulizana habari za mikungu na misiba, wakatukanana kwa mapenzi, lakini ndege haikuombwa. Ukiiomba jioni, Mzee Eleuterio aliandika kwa penseli. Asubuhi ukirudia neno lako ndipo alipotia wino, na rubani hakwenda popote bila wino.

Sheria hiyo aliileta Hermelinda mwenyewe, baada ya Gaspar.

Ilikuwa miaka tisa nyuma. Mtoto alikuwa na homa, na jioni Hermelinda akaita mjini: mgonjwa yupo, ila kiwanja kimelowa, rubani asije mpaka kikauke. Lakini jioni sauti za mto ule zina ugonjwa wao. Kuanzia kama saa moja na nusu hutetemeka, hupanda, huzama, mpaka karibu usiku wa manane. Habari ya mgonjwa ilifika, na habari ya kiwanja ikazama njiani. Rubani Gaspar, kijana mwenye haraka na moyo mwema, aliruka alfajiri kabla ya zamu ya asubuhi. Magurudumu yaligusa tope, ndege ikapinduka kifudifudi mbele ya macho ya Hermelinda, aliyekuwa amesimama pembeni akipunga sketi yake kama mwendawazimu. Mtoto alipona kwa majani ya bibi yake. Gaspar alizikwa. Wiki iliyofuata Hermelinda alisafiri hadi mjini na nguo zake nyeusi, akapiga meza ya Mzee Eleuterio, akasema neno la jioni lisihesabiwe tena. Toka siku hiyo hakuwahi kuivunja sheria yake, wala hakuwahi kulala usingizi wa kushiba.

Mwaka uliofuata alikuja Injinia Huamanchumo, mtu wa pwani mwenye kofia pana aliyeogopa buibui kuliko kitu chochote duniani. Alifunga chombo chake juu ya paa la shule, cha kusikiliza hewa ya juu. Hermelinda akamuuliza swali alilokuwa amelibeba mwaka mzima: kwa nini jioni?

"Kule juu, mama, kilomita mia tatu na zaidi, hewa imepigwa na jua mpaka ikawa na umeme," alisema injinia. "Hicho ndicho kioo chenu. Sauti yako inapanda, inagonga kule, inarudi mjini. Sasa, nyie hapa mnakaa pale ambapo sindano ya sumaku inalala bapa kabisa, haiinamii kaskazini wala kusini. Mahali pa namna hii, jua likizama, ile hewa inanyanyuliwa juu sana, na ile nyepesi ya chini inapenya katikati yake kwa mapovu. Umeshaona masato, ile pombe yenu ya muhogo, ikichacha?"

"Natengeneza kila wiki."

"Basi ndivyo. Sauti ikipita kwenye mapovu inarudi vipandevipande."

Hermelinda alifikiri kidogo. "Kwa hiyo asubuhi yamepasuka yote."

"Siku za kawaida, ndiyo. Lakini jua nalo lina hasira zake. Likitema moto, simu inakufa palepale mchana, na siku moja mbili baadaye sumaku ya dunia nzima inatikisika, na hapo mapovu yanakosa adabu. Pengine jioni ya kwanza yanazidi mno. Kisha upepo wa kule juu unageuza mambo. Jioni inayofuata unakuta kweupe, hakuna povu hata moja, unafurahi. Usifurahi, mama. Yanaweza kuja alfajiri, saa ile mnayojiamini."

Alimwachia daftari aandike kila siku saa ngapi hewa ilikuwa safi na saa ngapi chafu. Aliandika miaka minane bila kuruka siku. Kijijini wakaiita kazi hiyo mapovu ya Herme, na mtu akichelewa kurudi shambani alisingizia mapovu.

Mwezi wa kumi wa mwaka huo wa nane, Nelita, mtoto wake wa pekee, alikuwa na mimba ya miezi minane, mumewe yuko mbali kwenye kambi ya mbao. Siku mbili kabla ya damu kuanza, saa tano asubuhi, simu ilikuwa imekufa ghafla kwa karibu saa nzima, hata ule mkwaruzo wa kawaida haukusikika. Hermelinda aliandika. Kesho yake jioni mapovu yalikuwa mabaya kuliko yote aliyowahi kuyasikia. Akaandika. Na siku yenyewe, saa kumi alasiri, Nelita alikuja kwa mama yake akitembea polepole, damu inamchuruzika miguuni, na hana uchungu hata kidogo.

Mkunga alimlaza, akamtazama, hakumgusa kwa ndani. Alimvuta Hermelinda nje.

"Kondo la nyuma limekaa mbele, limeziba njia ya mtoto," alisema. "Sasa hivi inatiririka kidogo. Ikija kwa nguvu, sina cha kufanya, dada. Anatakiwa kupasuliwa."

"Mpaka lini?"

"Kesho mchana ni mbali."

Mtaalamu wa zahanati alikuwa amekwenda kufuata chanjo. Kwa mtumbwi wa injini mjini ni siku moja na nusu. Hermelinda alirudi ndani akamfunika mwanawe miguu, akatabasamu.

Saa mbili kasoro usiku aliwasha simu, akaweka kitambaa mdomoni kuzuia pumzi yake isisikike. Akangoja mtetemo. Haukuja. Sauti za mto mzima zilikuwa zinaingia ng'aring'ari, mtu wa kijiji cha Sepahua anacheka mpaka unasikia mate yake, mtoto wa kijiji cha juu anaimba. Msimu wa mapovu, siku mbili baada ya simu kufa mchana, na jioni ni safi kama maji ya kisima. Alifungua daftari, akatafuta mwezi wa nne wa mwaka juzi. Ilikuwa pale kwa mwandiko wake: mchana kimya, jioni ya pili safi, alfajiri chafu mpaka saa tatu.

Nje watu walikuwa wameshaanza kujipanga. Habari ya jioni safi hukimbia kijijini haraka kuliko habari ya nyama. Mbele ya foleni alisimama Teobaldo, mwenyekiti wa kijiji, ndugu wa marehemu mumewe, na bakuli la masato mkononi.

"Atalaya, Atalaya, Santa Clemencia anaita. Ova," alisema Hermelinda, akaachia kitufe ili mjini wajibu.

"Herme!" alijibu Mzee Eleuterio. "Unasikika kama uko jikoni kwangu! Umekula nini, sauti imenona hivyo? Ova."

"Nataka ndege, mzee. Nelita anatoka damu. Kondo liko mbele. Ova."

Utani ulikatika. "Pole sana, mama. Pole. Nimeandika kwa penseli. Saa kumi na mbili nipe neno la asubuhi, nitie wino. Ova."

"Asubuhi hutanisikia."

"Kwani unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Hewa itakuwa chafu mpaka saa tatu. Nimeiandika hapa, ilishatokea. Saa tatu ndege yenu imeshakwenda kwingine, na mchana mvua inafunga kiwanja. Tia wino sasa hivi, mzee wangu, nakuomba. Ova."

"Herme, mama, sheria hii ni ya nani? Nani alikuja hapa na nguo nyeusi akanipigia meza? Nikivunja leo kwa sababu ni mwanao, kesho nitamwambia nini mwenye mtoto mwingine? Ova."

Alikuwa anasikia kweli kila pumzi ya yule mzee, na kusikia vizuri hivyo kulimtia hofu kuliko kelele yoyote. Ndipo akasema jambo ambalo hakulipanga.

"Basi andika hivi. Kesho saa kumi na mbili, kama hunisikii, kimya changu ndicho neno la asubuhi. Kimya maana yake njooni. Ova."

"Kimya ni kimya! Nikirusha ndege kwa kimya, si nitawarushia marehemu wote wa mto huu?"

Foleni ikaangua kicheko. "Shemeji, toka basi kwenye kiti," alisema Teobaldo. "Mapovu yako leo yamekwenda kulala. Waache watu wasalimie ndugu zao, asubuhi utaongea na mzee mpaka mchoke."

Kabla hajainuka, sauti nyingine iliingia, ya kijana, taratibu.

"Mama Herme. Rómulo hapa."

Rómulo alikuwa rubani wa sasa, na alikuwa mdogo wake Gaspar. Kwa miaka minne aliyorusha ndege kwenye mto ule, Hermelinda hakuwahi kuongea naye neno nje ya kazi. Aliogopa uso wake.

"Kiwanja kikoje? Ova."

"Kikavu. Nimekanyaga mwenyewe jioni hii, kisigino hakizami. Ova."

"Na mvua ikinyesha usiku? Umesema kimya chako ndicho njoo. Utanizuiaje nisije? Ova."

Kicheko nje kilikufa. Wote walimkumbuka mtu mmoja, na waliiona sehemu ile ya kiwanja ambayo mpaka leo majani yake yameota kwa rangi nyingine. Hermelinda alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Sitaweza kukuzuia," alisema. "Ndiyo maana naogopa. Ova."

Hewa ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo.

"Nimesikia," alisema Rómulo. Hakusema atakuja, hakusema hatakuja. Ofisi ya mjini hufungwa saa tatu, nayo ikafungwa.

Mvua ilianza saa tisa usiku. Hermelinda alikuwa ameketi kando ya Nelita, akihesabu mapigo yake kwa vidole, na tone la kwanza lilipogonga paa la majani alidhani ni moyo wake. Halafu ikaja yote kwa pamoja. Alijishika mdomo asipige kelele. Amemuua. Amemuua ndugu wa pili wa nyumba ileile, kwa mdomo wake uleule, na safari hii neno halikupotea njiani, lilifika zima.

"Mama," aliita Nelita kwa sauti ndogo. "Usilie karibu yangu. Mimi mwenyewe ninaogopa, tukiogopa wawili nitashindwa."

Alitoka na kurunzi hadi kiwanjani. Mvua ilikuwa imekatika baada ya nusu saa, lakini alipokanyaga theluthi ya mwisho ya kiwanja, upande wa mtoni, kisigino kilizama mpaka kifundo. Alikanyaga tena hatua mbili mbele. Kikazama. Alikwenda moja kwa moja kugonga nguzo ya nyumba ya Teobaldo.

"Shemeji, amka. Kiwanja kimelainika upande wa mto."

"Si utamwambia saa kumi na mbili asije?"

"Hatanisikia. Shuka."

Teobaldo alishuka ngazi ya gogo akinung'unika, akaenda, akakanyaga mwenyewe. Miaka tisa nyuma ni yeye na Hermelinda waliomvuta Gaspar kutoka kwenye mabati ya ndege. Aliutazama mguu wake uliomezwa na tope, akarudi nyumbani, na mara majirani wakasikia mbao zinavunjika. Alikuwa anang'oa sakafu ya nyumba yake. Nyumba za kule hukaa juu ya nguzo, na sakafu zake ni maganda mapana ya michikichi, magumu, yaliyopasuliwa yakalazwa. Mkewe alitoka akifoka, akaambiwa sababu, akaacha kufoka akashika upande wa pili wa ganda.

Mpaka kunapambazuka, nyumba kumi na moja hazikuwa na sakafu. Maganda yalilazwa juu ya tope, safu juu ya safu, na pale ardhi ngumu ilipoishia walitandika shuka nyeupe ili rubani azione toka juu, zimekandamizwa kwa mawe. Watu waliotoka kumcheka Hermelinda jioni walikuwa wamejaa tope hadi kiunoni, na hakuna aliyemtania.

Saa kumi na mbili aliwasha simu. Zilimwagika kelele. Sauti za vijiji zilikuwa zinatetemeka, zinajikunja, kama watu wanaozungumza na maji mdomoni. Akasikia kipande cha kicheko, kipande cha jina la mtu asiyemjua. Alichokiogopa usiku kucha kilikuwa kimefika, na kuwa amesema kweli hakukumpa faraja hata chembe. Aliita Atalaya. Aliita tena. Hakujua hata anataka nini. Mdomo wake ulisema "njoo" mara mbili na "usije" mara moja, na hakuna hata neno moja lililotoka nje ya chumba kile likiwa zima.

Saa moja ilipita. Damu ya Nelita iliongezeka, mkunga akabadilisha kitambaa cha tatu. Walimbeba kwenye machela mpaka kando ya kiwanja, na kijiji kizima kikasimama pale kimeelekeza masikio magharibi. Hermelinda peke yake aliangalia chini. Aliomba ndege ije, akaomba isije, akamwomba Mungu amsamehe kwa kuomba vyote viwili.

Ilisikika kabla ya kuonekana. Ilizunguka mara moja chini sana, ikaenda, ikarudi. Hermelinda alifumba macho. Alisikia magurudumu yakigusa ardhi ngumu mwanzoni mwa kiwanja, akasikia breki, kisha mlio ambao kiwanja chochote duniani hakijawahi kuutoa: maganda ya sakafu za watu yakipasuka moja baada ya jingine, takataka, takataka, yakipunguza mwendo, mpaka pakawa kimya. Alifumbua jicho moja. Ndege ilikuwa imesimama wima.

Rómulo aliteremka, akatazama chini ya magurudumu, akainama akaokota kipande cha ganda kilichokuwa bado kimeshika msumari. Alikigeuzageuza. Uso wake ulikuwa wa Gaspar mtupu.

"Nimekaa ofisini saa nzima nasikiliza," alimwambia Hermelinda. "Sijawahi kuomba mtu asisikike. Mzee Eleuterio ametia wino mwenyewe. Haya, mleteni."

Nelita alipandishwa na mkunga akapanda naye. Hapakuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Ndege iligeuzwa kwa mikono, ikaruka upande mgumu, ikapungua, ikapotea. Ndipo Hermelinda akakaa chini kwenye tope, pale pale, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Saa tatu na robo hewa ilisafika. Alijua, kwa sababu alikuwa kwenye kiti, kichwa kimelala kushoto, akisikiliza. Angeweza kuita. Mjini ni kubonyeza kitufe tu. Hakubonyeza. Nne ikapita, tano ikapita. Teobaldo alikuja mara mbili akasimama mlangoni.

"Uliza basi, shemeji."

"Sitaki kujua."

"Niulize mimi?"

"Ukigusa kisanduku hiki nitakukata mkono."

Teobaldo alikaa kizingitini, maana nyumbani kwake hapakuwa na sakafu ya kukalia.

Saa sita mchana kisanduku kiliita chenyewe. "Santa Clemencia, Santa Clemencia, Atalaya hapa. Herme, upo? Ova."

Alishika kipaza sauti. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, na kilikataa kushuka.

"Herme? Mama, upo? Ova."

Teobaldo alimtazama. Machozi yalikuwa yanamtoka Hermelinda bila sauti, na kidole bado kimekataa. Mjini nako Mzee Eleuterio alikohoa.

"Haya. Kama unanisikia, usijibu," alisema. "Kimya chako nitakitia wino. Nelita amepasuliwa, yupo hai, amelala. Wamemwekea damu, ya kwanza ni ya Rómulo. Mtoto ni wa kike, mdogo kama kiganja, na analia mpaka wodi nzima imechoka naye. Herme, umesikia? Ova."

Hapo ndipo kidole kiliposhuka. Lakini kilichokwenda hewani, kikagonga kule juu, kikarudi mjini kizima bila kupotea hata kipande, kilikuwa ni pumzi yake tu, inaingia na kutoka.

"Neno limesikika, mama," alisema Mzee Eleuterio. "Limesikika."